Somo: Kuchagua Viatu vya Kutembelea Safarini, Hatua kwa Hatua

Mtu ambaye siku za kawaida hutembea kutoka mlangoni hadi kituoni, kisha akakaa kitini mpaka jioni, akiwa safarini hujikuta yuko kwa miguu saa sita au hata nane kwa siku. Kuna korido ndefu za viwanja vya ndege, ngazi za vituo vya treni, barabara za mawe katika miji ya kale, na sakafu ngumu za makumbusho ambako mtu hupiga hatua mbili akasimama dakika tano, jambo ambalo wengi huliona linachosha nyayo kuliko mwendo wenyewe. Kiatu ndicho kitakachoamua kama siku ya pili itakuwa ya matembezi au ya kukaa kitandani ukiuguza malengelenge.

Hoja yangu katika somo hili ni moja. Kiatu kizuri cha safari hakitambulikani kwa ulaini unaousikia dukani katika dakika ya kwanza, bali kwa namna kinavyoushika mguu mahali pake wakati misuli imekwisha kuchoka. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 na viungo 33, na vyote hivyo vinashikiliwa na kano na misuli midogo inayosaidia kuusawazisha mwili katika kila hatua. Soli iliyo laini kupita kiasi hudidimia upande, misuli ile ikalazimika kufanya kazi ya ziada, na mvaaji aliyetoka asubuhi akikisifu kiatu chake huanza kutafuta benchi ifikapo alasiri. Kwa hiyo muuzaji akikubonyezea soli kwa kidole gumba ili uone ilivyo laini, mshukuru, halafu endelea na ukaguzi wako.

Hatua ya kwanza: Ijue safari kabla ya kukijua kiatu

Jiulize utakanyaga nini kwa sehemu kubwa ya siku, hali ya hewa itakuwaje, na utabeba nini mgongoni. Lami na sakafu ngumu zinahitaji soli inayopunguza mshindo. Mawe na njia za milimani zinahitaji soli ngumu zaidi ambayo ncha ya jiwe haiwezi kupenya mpaka ukaisikia unyayoni, tena yenye meno ya kung'ata ardhi. Mtu anayekwenda mjini kwa siku nne na mkoba wa begani hana sababu ya kununua buti zito la mlimani, hata kama linapendeza, kwa kuwa kila gramu iliyo mguuni hunyanyuliwa maelfu ya mara kwa siku.

Hatua ya pili: Pima miguu yote miwili, jioni, ukiwa umesimama

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, nami naomba tukae kidogo. Namba uliyoivaa miaka mitano iliyopita si lazima iwe namba yako ya leo. Kadiri umri unavyosonga, kano zinazoshikilia upinde wa unyayo hulegea na mguu unaweza kurefuka na kupanuka. Ujauzito nao unaweza kuleta mabadiliko hayo, na kwa baadhi ya wanawake mguu haurudi ulivyokuwa. Isitoshe, miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na ndiyo maana kipimo cha jioni kina ukweli kuliko cha asubuhi.

Weka karatasi sakafuni, ukingo wake mmoja ukigusa ukuta. Vaa soksi utakayosafiri nayo, simama juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta, uzito umeugawa sawa kwa miguu yote miwili, kisha mwombe mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Ukiinama kujipimia mwenyewe uzito unahama na kipimo kinaharibika. Kumbuka pia kwamba kidole kirefu si lazima kiwe kidole gumba; kwa baadhi ya watu ni cha pili. Baada ya hapo weka alama mbili za upana, kila upande wa sehemu pana ya unyayo, pale vidole vinapoanzia. Rudia kwa mguu wa pili. Kwa kawaida utakuta miguu hailingani kabisa, na kiatu hununuliwa kwa kufuata mguu ulio mkubwa.

Urefu na upana bado havitoshi. Kuna kipimo cha tatu ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni umbali kutoka kisigino hadi kwenye kiungo kinene cha kidole gumba, yaani pale unyayo unapokunjika. Watu wawili wenye miguu ya urefu mmoja wanaweza kutofautiana hapo, mmoja akiwa na vidole virefu na upinde mfupi, mwingine kinyume chake. Kiatu kinatakiwa kukunjika pale pale mguu unapokunjika. Mmarekani Charles Brannock, aliyekulia katika biashara ya viatu mjini Syracuse, alibuni katika miaka ya 1920 kifaa cha chuma chenye vipimo vyote vitatu kwa pamoja, na kifaa hicho bado kinatumika madukani. Ukikikuta, omba upimwe.

Kuhusu namba, usizichukulie kama sheria. Katika mfumo wa Ulaya bara namba moja na inayofuata zinatofautiana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67, wakati katika mfumo wa Uingereza tofauti ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Kwa hiyo jedwali la kubadilisha namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine daima lina makadirio ndani yake. Juu ya hayo, kila kiwanda kina kalibu zake za kuundia viatu, na 42 ya kiwanda kimoja inaweza kukubana ilhali 42 ya kingine inapwaya. Upo mfumo wa kimataifa unaotaja urefu wa mguu wenyewe kwa milimita, unaoitwa Mondopoint, na katika lebo nyingi za viatu vya michezo utaona pia kipimo cha sentimita kando ya namba. Chako cha karatasini ndicho utakachokilinganisha na hicho.

Hatua ya tatu: Kikague kiatu kwa mikono kabla ya kukivaa

Kamata sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, uibane kwa kidole gumba na cha shahada. Isikubali kubonyea kirahisi, kwa sababu hiyo ndiyo inayokizuia kisigino kisiyumbe. Kisha shika ncha ya mbele kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, ukikunje kiatu: kinapaswa kukunjika mbele, pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa unyayo, kirudishe kwenye rafu, maana hakina mhimili wa kuushika upinde huo. Mwisho kisokote kama unayekamua nguo iliyofuliwa. Kikizunguka bila upinzani wowote hakitakusaidia kwenye mawe. Kikikataa kabisa kitakuchosha kwenye lami. Unachotafuta ni kiatu kinachokubali kidogo na kurudi.

Ingiza mkono ndani taratibu, upapase bitana yote kwa ncha za vidole, hasa kwenye mishono iliyo karibu na kidole kidogo na juu ya kisigino. Uvimbe wa uzi ambao mkono unausikia kwa shida, baada ya saa nne za kutembea utakuwa umechubua ngozi.

Soli ya kati, ile iliyofichika baina ya soli ya chini na mahali unapokanyaga, ndiyo moyo wa kiatu. Nyingi hutengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo EVA, ambalo ni jepesi na hupunguza mshindo vizuri lakini hulala kadiri linavyotumika. Nyingine ni za poliurethani, plastiki ya aina nyingine ambayo ni nzito kidogo na hudumu zaidi chini ya mzigo. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Msafiri wa mjini hufurahia wepesi wa EVA, mbeba mzigo akafurahia uimara wa poliurethani. Angalia pia tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele, ambayo katika viatu vya michezo huanzia milimita 0 hadi karibu 12. Kama umezoea kisigino kilichoinuka, usihamie kwenye kiatu bapa wiki moja kabla ya safari, kwa kuwa misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino hazitakuwa na muda wa kuzoea.

Soli ya chini ya mpira haihitaji maneno mengi: iwe na mistari au meno, na isiteleze juu ya sakafu iliyolowa. Soli za mpira zenye meno kwa ajili ya milima zilitokana na msiba. Mwaka 1935 wapandaji mlima sita, wenzake Muitalia Vitale Bramani, walifariki katika milima ya Alps wakiwa na viatu visivyofaa, naye akabuni soli zilizoingia sokoni mwaka 1937 kwa jina la Vibram, ambazo hadi leo zinawekwa chini ya viatu vya kampuni nyingi.

Hatua ya nne: Kijaribu kiatu kama unayesafiri, si kama unayenunua

Nenda dukani jioni, na soksi zako. Kabla ya kuvaa, toa soli ya ndani kama inatoka, iweke sakafuni na usimame juu yake. Ukiona mguu umemwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama urefu unatosha. Jaribio hili dogo nalithamini kuliko maelezo yote ya lebo.

Rudisha soli, vaa vyote viwili, funga kamba, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, yaani sentimita moja au kuzidi kidogo. Vidole viweze kuchezacheza na kutanuka. Katikati ya mguu usikie umeshikwa bila kukabwa. Kisigino kikipanda kidogo sana katika hatua za mwanzo hakuna tatizo, lakini kikiteleza juu na chini kila unapoinua mguu, hayo ndiyo malengelenge yako ya kesho.

Sasa tembea. Si hatua tatu kwenye zulia mbele ya kioo. Tembea dakika kumi au kumi na tano, tafuta sakafu ngumu, panda na kushuka ngazi. Maduka mengine ya vifaa vya safari huwa na kijukwaa chenye mteremko. Simama juu yake ukielekea chini, upigepige mguu mbele. Vidole vikigonga ncha ya kiatu, kila mteremko wa safari utavigonga hivyo hivyo, na kucha nyeusi ndiyo huwa malipo yake.

Utaambiwa, "Kitaachia tu ukikizoea." Ngozi halisi huachia upana kidogo kwa kuvaliwa, lakini hakuna kiatu kinachorefuka, na vitambaa vya sintetiki huachia kidogo sana. Kiatu kinachouma dukani usikinunue kwa matumaini.

Hatua ya tano: Soksi

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulishikilia, ngozi ikabaki mbichi na kuchubuka upesi. Chagua za sufi laini ya merino au za nyuzi za sintetiki, zisizo na mshono mnene vidoleni. Unene wa soksi hubadilisha namba ya kiatu, ndiyo maana nimesisitiza uende nazo dukani.

Hatua ya sita: Kizoeshe kabla ya kuondoka

Kiatu kipya hakianzi maisha yake siku ya safari. Kivae ndani ya nyumba kwanza, saa moja au mbili, kwenye sakafu safi, ili ukiona kasoro uweze kukirudisha dukani kikiwa hakina doa. Kikipita mtihani huo, toka nacho nje kwa matembezi mafupi, ongeza umbali taratibu kwa wiki mbili au tatu, na mara moja au mbili ubebe begi lenye uzito utakaosafiri nao, kwa sababu mzigo huubonyeza upinde wa unyayo na mguu hurefuka kidogo ndani ya kiatu. Buti za ngozi ngumu zinahitaji muda mrefu zaidi. Raba nyingi za kutembelea huwa tayari tangu mwanzo, lakini ni miguu yako inayohitaji kuzoea.

Hatua ya saba: Jifunze kufunga kamba

Nimeona viatu vizuri vikilaumiwa kwa kosa la kamba. Viatu vingi vya kutembelea vina tundu moja la ziada juu kabisa, limekaa nyuma kidogo ya mstari wa matundu mengine, na wengi huliacha likiwa halina kazi. Ukiisha kupitisha kamba mpaka kwenye tundu lililo chini ya hilo, usivuke upande wa pili. Panda nayo hadi tundu la juu la upande huo huo, ukiacha kitanzi kidogo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kisha pitisha ncha ya kila kamba ndani ya kitanzi cha upande mwingine, vuta kuelekea chini mpaka kisigino kikae kitako nyuma ya kiatu, ndipo ufunge fundo la kawaida. Kisigino kilichokuwa kinapanda hutulia.

Kama maumivu yako ni juu ya mguu, pale mifupa inapoinuka, usikaze hapo: pitisha kamba wima kwenye tundu linalofuata bila kuvuka juu ya sehemu inayouma.

Hatua ya nane: Ukiwa njiani

Lengelenge hutokea pale ambapo ngozi ya juu imeshikwa na soksi huku mfupa ulio ndani ukiendelea kusogea. Matabaka ya ngozi yanaachana na maji yanajaa katikati. Kabla halijatokea, mahali hapo huwa pa moto na pekundu. Simama hapo hapo, hata kama wenzako wanalalamika, kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa iliyolala bila mikunjo, ubadilishe soksi. Dakika tatu hizo huokoa siku tatu.

Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, legeza kamba, sokomeza karatasi za gazeti ndani na uzibadilishe zinapolowa. Usiviweke karibu na moto wala juu ya kipasha joto, kwani joto kali hulegeza gundi na kukakamaza ngozi.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina raba za kukimbilia ambazo nazipenda sana. Kuna haja gani ya kununua nyingine za kutembelea?

Jibu: Kwa safari ya mjini huenda usiwe na haja yoyote. Raba za kukimbilia ni nyepesi, zinapitisha hewa, na hupunguza mshindo kuliko viatu vingi vinavyouzwa kwa jina la viatu vya kutembelea. Angalia mambo mawili. La kwanza ni umri wa soli: raba hizo kwa kawaida hushauriwa zibadilishwe baada ya kilomita 500 hadi 800, kwa hiyo kama umekwisha kukimbia nazo msimu mzima, povu limelala hata kama juu zinang'aa. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Kama zimelalia upande, zimekwisha. La pili ni uthabiti. Baadhi ya raba za siku hizi zina soli nene sana na laini, zilizoundwa zimsukume mkimbiaji mbele, na mtu anayetembea polepole na kusimamasimama juu yake huyumba. Rudia jaribio la kusokota la hatua ya tatu kabla ya kuamua.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nina nyayo bapa tangu utotoni. Nimeambiwa lazima ninunue viatu maalumu vya gharama kubwa. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Nyayo bapa zisizouma si ugonjwa, na watu wengi huishi nazo bila kujua. Unachohitaji kukitilia mkazo ni kisigino kigumu kwa nyuma na kiatu kisichosokoteka kirahisi, kwa kuwa mguu wako una mwelekeo wa kulalia ndani. Soli ya ndani yenye upinde wa wastani, inayouzwa tayari, inaweza kukusaidia. Itoe ya asili na uiweke hiyo mahali pake, usizipandanishe, la sivyo kiatu kitakubana juu. Upinde mrefu sana na mgumu usiuvamie ghafla, maana utakuwa kama unakanyaga jiwe siku nzima. Ukiwa na maumivu ya kisigino katika hatua za kwanza za asubuhi, au maumivu upande wa ndani wa kifundo, muone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kutumia fedha dukani.

Swali: Nasafiri na mama yangu, ana kisukari kwa muda mrefu na anasema miguu yake siku hizi "imelala". Nimchagulie kiatu gani?

Jibu: Ndugu yangu, hapa utaratibu unabadilika kabisa, na hatua ya kwanza ni mama kukaguliwa miguu na wahudumu wake wa afya kabla ya safari. Miguu inapopoteza hisia, ushauri wangu wote wa "sikiliza kama kinabana" haufanyi kazi, kwa sababu yeye hatasikia. Mpime kwa karatasi, simamisha mguu wake juu ya soli ya ndani, na uthibitishe nafasi kwa macho na mikono yako. Kiatu kiwe na kina cha kutosha mbele na bitana isiyo na mishono iliyoinuka. Soksi zisiwe na mpira unaoacha alama mguuni. Kila anapovaa, mkono uingie kwanza kuhakikisha hakuna kokoto wala mkunjo. Asitembee peku, hata chumbani, hata ufukweni. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole kwa mwanga mzuri, na mkiona kidonda, lengelenge au wekundu usioondoka, tafuteni huduma siku hiyo hiyo. Viatu vipya aanze kuvivaa saa moja tu kwa siku, na kila anapovivua miguu ikaguliwe.

Swali: Ninunue vinavyozuia maji au vinavyopitisha hewa?

Jibu: Utando unaozuia maji huku ukiruhusu mvuke utoke ulipatikana kutokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, nao unafanya kazi. Hata hivyo una mipaka. Katika joto, jasho la mguu huzalishwa kwa kasi kuliko utando unavyoweza kulitoa, mguu ukalowa kutoka ndani. Na maji yakiingia kwa juu, kwa mfano ukikanyaga dimbwi refu, utando ule ule unayazuia yasitoke, na kiatu huchukua muda mrefu sana kukauka. Kwa baridi, theluji na mvua za rasharasha nachagua vinavyozuia maji. Kwa nchi za joto nachagua vya kitambaa cha wavu, na soksi za akiba.

Swali: Baada ya saa moja vidole vyangu hufa ganzi, ingawa namba ni sahihi.

Jibu: Namba inaweza kuwa sahihi kwa urefu na kosa kwa upana. Fanya jaribio la soli ya ndani. Kisha legeza kamba za chini, zile zilizo karibu na vidole, uache za juu zikiwa zimekaza. Wengi hukaza zote kwa nguvu moja. Kumbuka pia kulegeza baada ya saa mbili tatu, kwa kuwa mguu umevimba na kamba hazijui. Kama ganzi au maumivu kama ya moto hubaki kati ya kidole cha tatu na cha nne hata ukiwa umevaa viatu vipana, yawezekana mshipa wa fahamu umebanwa hapo, na hilo ni la daktari.

Swali: Vipi kuhusu mitumba, au buti za zamani zilizohifadhiwa vizuri kabatini?

Jibu: Kiatu kilichovaliwa na mwingine kimeshika umbo la mwendo wake. Tazama soli ya ndani. Kama ina mashimo ya vidole vya mtu, na soli ya chini imelika upande mmoja, kiache. Kama ni karibu kipya, mitumba si dhambi, kikague tu kwa hatua zile zile. Buti za kabatini zina hatari nyingine ambayo huwashangaza wengi: poliurethani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa hakivaliwi, na baada ya miaka kadhaa soli inayoonekana nzima hupukutika au kubanduka yote ghafla njiani. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha. Ikimeguka au ikinata, usiondoke nayo.

Swali: Buti lenye shingo ndefu litanizuia nisiteguke kifundo?

Jibu: Shingo ndefu hukinga dhidi ya mawe, miiba na matope, na watu wengi hujisikia imara wakiwa na mzigo mzito. Lakini kitambaa au ngozi pekee haiwezi kuubeba uzito wa mwili uliokwisha kupinduka. Kinachozuia zaidi ni kisigino kipana kisichoyumba, soli isiyo ndefu mno kutoka ardhini, na misuli ya kifundo iliyozoezwa. Kama umewahi kuteguka, fanya zoezi la kusimama kwa mguu mmoja kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya safari, karibu na ukuta wa kujishikia.

Swali: Mzigo wangu ni begi dogo tu la kuingia nalo ndani ya ndege, na miguu huvimba nikiruka. Nichukue jozi ngapi?

Jibu: Mbili, kama zinaingia. Moja ni hii tuliyoichagua, nyingine ni nyepesi, kwa mfano sandali zenye mikanda inayorekebishika na kisigino kilichofungwa. Jozi mbili zinakuwezesha kuiacha moja ikauke siku nzima, na mahali pa msuguano hubadilika. Vaa zile nzito unapopanda ndege ili kuokoa nafasi, ulegeze kamba mara ukikaa, inuka utembee kila inapowezekana, na ukiwa kitini zungushazungusha vifundo. Usizivue kabisa kama unajua miguu yako huvimba sana, maana kuzirudisha ni kazi. Uvimbe wa miguu yote miwili unaopungua baada ya siku moja ni wa kawaida. Uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye maumivu kwenye misuli ya nyuma ya mguu, usisubiri nao, nenda hospitali.